Kabla hujaandika kwamba "wananchi walikataa"

Mwezi huu nimeletewa rasimu tatu nizipitie, zote za wadogo zangu mliofika idara ya historia juzijuzi, na zote zina sentensi ileile: "Wananchi walikataa." Wa kwanza anasema wananchi wa Texas walikataa wanawake wapige kura. Wa pili anasema wananchi wa Pennsylvania waliwanyima askari haki hiyo. Wa tatu kaandika kuhusu Maryland, na hapo nikaweka kalamu chini nikaenda kuchemsha chai, maana jeraha hilo ni langu na bado halijafunga.

Nawapenda, mnajua. Nimewapokea uwanja wa ndege, pilau mmekula kwangu, na makoti ya baridi mliyoazima sijayaona tena. Lakini marekebisho ya katiba za majimbo ya Marekani wakati wa vita hayataki mtu wa kubandika jedwali na kukimbia. Kaeni tuzungumze.

1. Jimbo. Mtanzania akilisikia neno hili anamwona mbunge wake akigawa mipira na jezi. Huku jimbo lina katiba yake, mahakama yake ya juu, na karibu kila mahali wapigakura wake ndio wanaoyaridhia au kuyatupa mabadiliko yake. Katiba ya shirikisho inarekebishwa kwa njia nyingine, kupitia Bunge la Congress na majimbo yenyewe, na mpigakura haletewi aseme ndiyo au hapana. Basi msichanganye Marekebisho ya 13 (yaliyofuta utumwa) au ya 19 (ya kura za wanawake) na haya yetu, na atakayeyachanganya asitaje jina langu kwenye shukrani.

2. Tarehe. Uamuzi wa mahakama una tarehe yake, Bunge la jimbo lina yake, wapigakura wana yao. Ile Pennsylvania ya rasimu ya pili: waliowanyima askari kura walikuwa majaji, mwaka 1862, katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kwenye kesi ya Chase dhidi ya Miller. Katiba ya jimbo ilitaka mpigakura awe ameishi kwenye eneo lake la kupigia kura siku kumi kabla ya uchaguzi, na mahakama ikasema kambi ya jeshi si eneo hilo. Kurekebisha katiba kulihitaji Mabunge mawili yanayofuatana yakubali, ndipo wananchi waulizwe. Wakaulizwa 2 Agosti 1864, na wakawapa askari kura yao. Katikati hapo, mwaka 1863, gavana alichaguliwa bila kura za makambini, na mgombea mmojawapo alikuwa George Woodward, jaji yuleyule aliyeandika hukumu. Alishindwa na Curtin, gavana aliyekuwa madarakani. Sasa wewe umewabebesha wananchi dhambi ya majaji, tena kwa wino mzito.

3. Maryland. Hapa nitakawia, mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na swali zuri. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa 87,189 Maryland. Jimbo lilibaki upande wa Muungano, yaani Kaskazini, na kwa kuwa halikuasi, Tangazo la Rais Lincoln la 1 Januari 1863, lililowaachia huru watumwa wa maeneo yaliyoasi tu, halikuwagusa watu hao hata mmoja. Jambo likarudi kwa katiba ya jimbo. Mkutano wa katiba ukakaa Annapolis kuanzia Aprili hadi Septemba 1864, ukatoka na katiba mpya iliyofuta utumwa, ikapelekwa kwa wapigakura tarehe 12 na 13 Oktoba. (Ndiyo, katiba mpya nzima si marekebisho. Msinisahihishe, nilishasahihishwa vya kutosha.)

Nikaenda kwenye nyaraka. Mashine ya maikrofilamu ilikuwa ile ya zamani ya kuzungusha mpini kwa mkono, kanda inanuka siki, na mimi nimevaa sweta mbili. Nikafika kwenye hesabu za kaunti. Jiji la Baltimore, Ndiyo kwa wingi. Kaunti za kusini kwenye mashamba ya tumbaku, Hapana tupu. Nikajumlisha kwa penseli: Ndiyo 27,541, Hapana 29,536. Nikajumlisha tena, ikatoka ileile. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na robo, chumba kinafungwa saa kumi na nusu, na basi la kurudi Baltimore halikuwa na tabia ya kumngoja mtu. Nikarudisha kanda kwenye boksi lake.

Usiku ule niliandika kurasa kumi na mbili: kwa nini Maryland ilikataa kuwaachia huru watumwa wake. Tumbaku ilikuwemo. Hofu ya wenye mashamba ilikuwemo, kwenye aya moja tamu niliyojisomea kwa sauti jikoni, mara mbili, sufuria ya wali ikiungua nyuma yangu.

Siku ya semina nikaisoma. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mzee mmoja mstaafu, ambaye sote tuliamini anakuja kwa ajili ya kahawa ya bure, akainua kidole. "Sasa hao watumwa waliopata uhuru tarehe 1 Novemba, uhuru waliupata kwa nani?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuangusha kikombe. Nikajibu bila hata kumeza mate: "Kwa Lincoln, kwa lile Tangazo."

Ukurasa wa tatu wa karatasi yangu mwenyewe ulisema Tangazo halikuigusa Maryland. Dada aliyekaa mkabala nami akafunua ukurasa wa tatu. Jirani yake akafunua. Nikasikia karatasi zikifunuliwa meza nzima, polepole, kama mvua inayoanza kwenye mabati. Mzee akauliza tu, kwa upole ambao ungekuwa tusi ningeustahimili: "Ulizungusha kanda mpaka mwisho?"

Jumatatu nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua. Nikaiweka kanda, nikafika pale nilipoachia, nikazungusha mpini mara nne, labda tano. Kura za askari. Maryland ilikuwa na vikosi vyake Virginia, na mkutano wa katiba ulikuwa umeandika kwamba askari wapige kura hukohuko walipo. Ndiyo 2,633. Hapana 263. Jumla kuu ikawa 30,174 kwa 29,799. Katiba ilipita kwa kura 375, na bila zile za makambini ingeanguka kwa kura 1,995. Mimi nilikuwa nimewahi basi.

Sisi Wakenya tuliopigia Chungwa na Ndizi kwenye kura ya katiba mwaka 2005, au Kijani na Nyekundu 2010, tumezoea jumla moja ya nchi nzima: mwenyekiti wa tume anasimama, anasoma, nusu ya sebule inashangilia. Ndiyo maana nilipoona jumla nikaamini ndiyo jumla. Wakati wa vita sehemu ya kura iko kwenye mahema na inafika imechelewa. Na wakati mwingine, kama hapa, inafika ikiwa na utata kuliko ile ya nyumbani. Wapinzani walilalamika kwamba ruhusa ya askari kupiga kura imetoka kwenye katiba ambayo bado haijaridhiwa, yaani mtoto amemzaa mama yake. Isitoshe, kila mpigakura alitakiwa kwanza kuapa kwamba ni mtiifu kwa Muungano, na asiyeapa hakupiga. Wakaenda mahakamani kumzuia Gavana Bradford asitangaze matokeo. Mahakama ya Rufani ikakataa kuingilia, naye akatangaza tarehe 29 Oktoba. Kwa hiyo hata ukizipata zile 375, usikimbilie kuandika kwamba "wananchi walikubali." Andika nani aliapa, nani alipigia wapi, nani alihesabu.

Novemba hiyohiyo Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa Baltimore mwaka 1838, alirudi mjini humo akahutubia kanisani. Na Novemba hiyohiyo waliokuwa mabwana walikuwa wakiwaburuta watoto wa walioachiwa huru kwenye mahakama za mayatima, wafungwe mikataba ya kuwatumikia kwa jina la kujifunza kazi. Hilo nalo liko kwenye kanda, mbele zaidi. Ningekuwa nimewahi basi la pili nisingelijua mpaka leo.

4. Kura ya maoni na kura za maoni. Rasimu ya Texas imeandikwa na Mtanzania na kupitiwa na Mkenya, na ajali ikatokea njiani. Mwandishi alisema wanawake wa Texas walishiriki "kura za maoni" tangu 1918, akimaanisha za ndani ya chama, zile sisi Kenya tunaita mchujo, na alikuwa sahihi. Mkenya akasoma kura ya maoni ya katiba, akajumuisha wanawake kwenye waliolipinga pendekezo la 24 Mei 1919. Jamani! Siku ile mwanamke hakuruhusiwa kugusa karatasi. Pendekezo lilifunga mambo mawili kwenye fundo moja: wanawake wapate kura, na wageni wasio raia, ambao Texas ilikuwa ikiwaruhusu kupiga kura kwa kutangaza tu nia ya kuwa raia, wanyang'anywe. Waliokuwa wanyang'anywe walipiga kura. Waliokuwa wapewe walikaa nje. Likaanguka kwa kura kama 25,000, na siku hiyohiyo marufuku ya pombe ikapita. Sasa niambie, katika fundo hilo "wananchi walikataa" kitu gani?

Tena fundo lilelile lilipita South Dakota Novemba 1918. Swali la wanawake lilikuwa limepelekwa peke yake mwaka 1916 likaanguka. Vita vikaifikia Marekani, chuki dhidi ya Wajerumani ikapanda, swali likafungwa pamoja na kuwaondolea kura wasio raia, likapita. Someni karatasi ya kura yenyewe, neno kwa neno, kabla ya kugusa namba.

5. Kigawanyo. Oklahoma, Novemba 1918, pendekezo la kuwapa wanawake kura lilihitaji wingi wa kura zote zilizopigwa kwenye uchaguzi ule, hivyo karatasi iliyoachwa tupu ilihesabika kama Hapana; msikokotoe asilimia kwa kujumlisha Ndiyo na Hapana peke yake.

6. Kodi ya kichwa. Ile ya Georgia si ile iliyowakimbiza babu zetu msituni wakimwona askari wa mkoloni. Ilikuwa dola 1 kwa mwaka, malimbikizo yanafuata, na asiyelipa hakukamatwa, alikosa kura tu. Kwa hiyo mkiandika kwamba tarehe 3 Agosti 1943 "wananchi wa Georgia" walishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, hoja ya Gavana Arnall ikiwa kwamba kijana anayefaa kupelekwa vitani anafaa kupiga kura, kumbukeni kodi hiyo ilidumu mpaka 1945, na mchujo wa chama cha Democratic, uliokuwa ndio uchaguzi wenyewe kule, ulikuwa wa weupe peke yao. Primus King, Mmarekani mweusi, alikwenda kuujaribu Columbus tarehe 4 Julai 1944, akatolewa nje. Alishtaki, na akashinda.

7. Penseli, si kalamu. Sweta mbili. Ulizeni saa ya basi la baada ya lile la mwisho.

Rasimu ya Maryland niliirudisha jana bila maneno mengi. Pembeni mwa "wananchi walikataa" niliandika namba moja tu, 375, nikaizungushia duara. Leo asubuhi kijana kanijia akitweta, rasimu mkononi. Kasema ameitafuta usiku kucha na kitabu chenyewe kina kurasa 340.