Programu ya simu inasema chumvi iko sawa, mbona miguu ya baba bado inavimba?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Baba yangu ana ugonjwa sugu wa figo, hajaanza kusafishwa damu. Daktari alimwambia apunguze chumvi, nikamwekea programu ya simu inayohesabu sodiamu. Kila jioni inaonyesha miligramu 900 hadi 1,100, lakini presha haishuki na miguu inavimba. Tatizo liko wapi?

Jibu: Nzuri. Mpe baba pole, nawe hongera kwa kumfuatilia hivyo. Programu hujumlisha kile tu unachoijazia, na kinachosahaulika kuliko vyote ni chumvi ya sufuriani. Ukijaza "supu ya mboga, bakuli moja", inachukua supu ya mtu mwingine, pengine isiyotiwa chumvi kabisa. Yako uliyotia kwa kukadiria na mkono haimo.

Kwa hiyo acha kukadiria. Pima chumvi kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa, igawe kwa idadi ya walaji, kisha ujaze fungu la baba. Gramu 1 ya chumvi ina takriban miligramu 400 za sodiamu. Kwa kawaida mgonjwa wa figo hushauriwa sodiamu isizidi gramu 2 kwa siku, yaani chumvi kama gramu 5. Hicho ni karibu kijiko kimoja tu, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya makopo!

Halafu soma pakiti taratibu. Tuseme kopo la supu la gramu 400 limeandikwa chumvi gramu 0.8 kwa kila gramu 100. Akilimaliza, amekula chumvi gramu 3.2, sawa na sodiamu miligramu 1,280. Ukijaza gramu 100 tu, simu itakuonyesha 320. Isitoshe, kwenye baadhi ya programu takwimu za vyakula huingizwa na watumiaji wenyewe, basi linganisha na pakiti kila mara.

Nakuomba sana: programu ikipendekeza chumvi mbadala, usinunue kabla ya kumuuliza daktari. Nyingi zina potasiamu, na figo zilizodhoofika hushindwa kuitoa. Ikipanda kupita kiasi, moyo unaweza kusimama.

Ukitaka kujua ukweli, omba kipimo cha sodiamu kwenye mkojo wa saa 24. Kikisoma milimoli 150, hizo ni kama miligramu 3,450, na hapo utajua simu ilikosa mengi. Kikisoma chini, chumvi si ya kulaumiwa: uvimbe huweza kutokana na protini inayopotea kwenye mkojo, moyo, au hata dawa fulani za presha.

Wakati mkisubiri, mpime uzito kila asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, hayo ni maji, mpigie daktari. Akianza kuhema akilala chali, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.