Mawe usiyaoshe kwa maji ya bomba
Ndugu yangu, umeuliza kama uoshe mawe na mchanga kwa maji ya bomba kabla ya kuhamishia matumbawe kwenye tangi jipya la samaki wa baharini. Mawe hapana, tafadhali! Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaoondoa amonia, na klorini huwaua. Yaweke kwenye pipa la maji ya chumvi lenye pampu ya kuzungusha maji na hita ya nyuzi 25 au 26. Yanaweza kukaa humo hata wiki nzima.

Mchanga wa zamani ni habari nyingine, umebeba uchafu wa miaka. Mimi niliwahi kuuhamisha bila kuusuuza, kesho yake nikakuta samaki wawili wamekufa, na bado inaniuma. Nunua mpya.

Kwa kuwa unataka kutoboa kioo cha tangi ili maji yashukie kwenye tangi la pili lililo chini yake, uliza kwanza kama kimekazwa kwa moto. Hicho ukikigusa na drili kinapasuka chote. Na tangi la chini liwe na nafasi ya kupokea maji yote yatakayoshuka umeme ukikatika. Chumvi ya maji ya tangi jipya ifike 35 kwa elfu, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji hayo, kabla hujarudisha tumbawe hata moja.