Kitabu cha mfukoni kwa siku tatu mjini

Ndugu, umeuliza uchague vipi kitabu cha mwongozo cha mfukoni kwa siku tatu katika mji usioujua. Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa hakimiliki utazame mwaka wa toleo. Angalia vizuri: kuchapwa upya si toleo jipya, yaliyomo huwa ni yaleyale.

Kisha mpangilio. Kwa ziara fupi, kilichopangwa kwa mitaa kinakishinda kilichoweka makumbusho huku na migahawa kule, maana ukifika mtaa mmoja unamaliza vyote vya karibu kwa miguu. Kijaribu papo hapo: chagua sehemu moja, itafute kwenye faharasa, halafu kwenye ramani. Ukihangaika ukiwa umetulia dukani, njiani ndiyo basi tena. Na maandishi ya ramani yasomeke bila miwani (hapo mimi ndipo huponzwa).

Saa na siku za kufungua zihakikishe kwenye tovuti ya mahali penyewe. Makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu, lakini Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Kurasa za hoteli ziruke tu, malazi utakuwa umeshalipia.