Tochi ya kulehemu kazi ndogo za nyumbani

Ndugu yangu wa Ujiji, unauliza kama ununue mitungi ya oksijeni na asetilini kwa ajili ya kuunga vibomba vya shaba na keria ya baiskeli. Usiharakishe. Mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 6 unatosha, mradi upate tochi yenye kichwa kipana na regyuleta ya presha kubwa. Regyuleta ya jikoni haifai kabisa.

Keria ndiyo kazi ngumu. Ufito wa kuungia (kijiti kinachoyeyushwa kwenye kiungo) wa shaba njano unataka karibu nyuzi 900 za Selsiasi, hapo tochi hii itahangaika. Tumia ufito wenye fedha, unayeyuka kwenye 650 hadi 700, na uzungushie matofali ya tanuri, makavu, yashike joto. Flaksi, ile dawa ya kusafisha kiungo, ikishang'aa kama glasi, gusisha ufito kwenye chuma chenyewe, si kwenye moto.

Chuma chenye zinki kikwangue kwanza, na ufanyie nje. Moshi wake unaleta homa.