Mteja Anyamaze Kwanza

Juzi kituo cha polisi nimemkuta wakili wetu kijana, hajamaliza mwaka tangu aapishwe, amekaa ubavuni mwa mteja akimhimiza: "Jieleze tu, kaka, kweli itakuweka huru." Nilitamani kumvuta koti. Wasomi wenzangu wapya, nawapenda, ila hili limenichosha.

1. Fika kabla kalamu ya mpelelezi haijagusa karatasi. Sura ya 20, yaani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, inamruhusu mtuhumiwa kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ndugu wakikupigia, acha chai mezani.

2. Hesabu saa. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, labda uongezwe kisheria. Andika alikamatwa saa ngapi na nani kakwambia.

3. Onyo lisikilizwe. Mwaka wangu wa pili kazini nilimsimamia kijana mtunza ghala, mifuko ya saruji imepotea. Mpelelezi alilisoma onyo harakaharaka: hulazimiki kusema lolote, ila utakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Kijana akanigeukia, akaniuliza kwa macho. Nilikuwa na shauri jingine saa nane, tena niliamini kabisa kwamba hakuiba. Nikamwambia, "Hukuiba, unaogopa nini? Sema."

Akasema. Alikana wizi mwanzo mwisho, lakini katikati akataja kwamba usiku ule alirudi ghalani kuchukua chaja ya simu. Upande wa mashtaka haukuwa na shahidi hata mmoja aliyemwona pale. Chaja ndiyo iliyomfikisha eneo la tukio, kwa mdomo wake mwenyewe, mimi nimekaa naye bega kwa bega. Akatia saini kila ukurasa. Maelezo ya onyo, yaani hayo aliyoandikwa polisi baada ya kuonywa, yalipoletwa mahakamani ningepinga nini? Hakupigwa, hakutishwa, muda haukupita, na wakili alikuwepo. Asiye na hatia ndiye anayeropoka zaidi, kwa kuwa haoni cha kuficha, na mimi niliyepaswa kuona nilikuwa natazama saa.

4. Pingamizi ni kabla ya maelezo hayo kupokelewa mahakamani kama kielelezo. Mteja akisema alilazimishwa, simama hapohapo. Wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alisema kwa hiari yake ni upande wa mashtaka. Ukishasema "hatuna pingamizi", kwenye rufaa utalia peke yako.

5. Kunyamaza kuwe na adabu. Jina na makazi ataje. Mengine: "Afande, nitazungumza mahakamani." Mrudishie sentensi hiyo mara tatu, hata kwenye korido, maana ukimya ni mgumu kwa mtu aliyelelewa kumjibu mkubwa anapoulizwa. Yule wa ghala alikuwa hivyo, kijana wa shikamoo. Alifungwa. Siku ya hukumu mama yake alinisubiri chini ya mwembe nje ya mahakama, kanga imelowa begani, akaniuliza: "Mwanangu, asingeitaja ile chaja, leo tungerudi naye nyumbani?"

Nilimjibu, "Nadhani ndiyo, mama."