Kuandika wasifu wa mzee usiku wa msiba

Kazi hii humwangukia mtoto au mjukuu "anayejua kuandika", saa nne usiku, huku kamati ya msiba ikibishana bei ya turubai na mabasi. Ibada ni kesho saa sita. Ndiyo maana wasifu wa wazee wengi unafanana: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua, akafariki.

Anza na makaratasi: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kitambulisho cha NIDA, barua ya kustaafu. Kwa mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 usishangae ukikuta miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa. Padri aliandika alichoambiwa, shule ikapunguza, mwajiri akanakili cha shule. Wakubwa wa familia wachague mmoja, kisha mpigie simu fundi wa msalaba, maana mara nyingi mjomba ameshampa mwaka mwingine. Msalaba ukisema 1941 na wasifu 1944, watu watanong'ona mpaka makaburini.

Wazee wenzake ukiwauliza mwaka, watakisia. Waulize kwa matukio. Siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, alikuwa darasa la ngapi? Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ilimkuta na watoto wangapi? Wakati wa Vita vya Kagera, 1978 na 1979, alikuwa nyumbani au mpakani? Majibu yakigongana, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1970" uendelee.

Mjane amekaa kwenye mkeka katikati ya akina mama. Usimwendee na kalamu. Mtume binti yake au wifi yake, wakiwa chumbani, kwa maswali mawili tu: walikutanaje, na ni kitu gani mzee alikifanya kila siku ambacho kuanzia kesho nyumba itakikosa? Jibu la swali la pili ndilo wasifu wenyewe. "Alikuwa mume mwema na mcheshi" linamfaa kila marehemu. "Kila jioni alirudi na baiskeli yake ya Phoenix, robo ya sukari imefungwa kwenye keria, na hakuingia nyumbani kwake bila kupiga hodi" linamfaa mmoja tu. Wajukuu nao wana yao. Mjukuu wa kike atakwambia babu alimwita mke mdogo, na bibi akajibu, "Mchukue, hata ugali hajui kusonga." Liweke. Utani huo ni wa heshima, na waombolezaji wanahitaji mahali pa kucheka kidogo.

Orodha ya watoto ndiyo huchafua misiba. Andika majina yote kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha umsomee msemaji wa familia kwa sauti kabla ya kuchapa. Kuna mtoto wa nje? Huo si uamuzi wa mwandishi. Wakubwa wakae usiku huohuo. Jina lililorukwa kanisani huibuka tena kwenye kikao cha kumchagua msimamizi wa mirathi, likiwa na hasira. "Ameacha" huhesabu walio hai tu. Waliotangulia wapewe sentensi yao. Wajukuu na vitukuu wataje kwa idadi, na uhesabu tena asubuhi.

Maradhi yapewe sentensi tatu: alianza kuugua lini, alitibiwa wapi, alifariki lini. Jina la ugonjwa litajwe mjane na watoto wakiridhia. Nusu ukurasa wa hospitali humfanya mzee wa miaka 80 aonekane aliishi wodini.

Maneno 500 yakisomwa taratibu huchukua dakika tano hivi, na zinatosha. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, na sentensi isikatike kuhamia ukurasa wa pili: hapo ndipo sauti hukwama. Msomaji asiwe kitinda mimba. Mpwa au mkwe hustahimili zaidi, na mtu wa akiba asimame nyuma yake na nakala yake. Kwa Waislamu mazishi huwahi, hivyo nafasi ya maneno haya mara nyingi ni kwenye hitima au arobaini. Utakuwa na muda zaidi wa kuuliza.

Faili usilifute. Fundi wa kujengea kaburi atauliza tarehe miezi baadaye, na kufikia hapo shangazi aliyechelewa basi atakuwa ameshakwambia jina la kijiji ulilolikosea.