Kidonge cha kukojosha ameze asubuhi

Dada'angu, umesema mama anameza furosemaidi, hicho kidonge cha kukojosha, baada ya Isha, usiku kucha anakwenda chooni, na sasa anataka kuiacha. Asiiache. Kama daktari hakuamuru usiku makusudi, ameze asubuhi. Nguvu yake hudumu kama saa 6 tu, jioni mkojo umeshatulia. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndipo asimame. Marehemu bibi yangu kule Wete aliinuka mbio kwa adhana ya alfajiri, kizunguzungu kikamwangusha mlangoni, akavunjika nyonga. Mpaka leo naisikia ile sauti.

Jengine ni madafu. Furosemaidi huondoa madini ya potasiamu mwilini, lakini spironolaktoni, kidonge chengine cha kukojosha, huyabakisha, na maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Someni jina kwenye pakiti mjue anameza ipi, kabla hamjampa madafu kila siku. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, asijinunulie dukani, ikikutana na kidonge cha kukojosha figo zinaweza kuumia. Akiharisha au kutapika, mpigieni daktari siku hiyo hiyo. Na habari ya kufunga Ramadhani kaulizeni mapema, Shaabani haijesha.